Mama Koleta Eustakio, Mkunga wa Mandawa Aliyekataa Kushuhudia Uongo

Mama yetu tunayemsindikiza leo, Koleta Eustakio, alizaliwa Mnero, wilayani Nachingwea, tarehe 14 Februari 1956. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Eustakio Tomasi, fundi mwashi wa misheni, na Mama Rahel, mkulima wa mtama na karanga. Alibatizwa Jumapili iliyofuata. Wazee wa Mnero waliomfahamu utotoni wanasema alikuwa mtoto mpole, mwoga wa mbwa na wa radi, na mwenye kuwafuata wadogo zake kila mahali kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mnero. Nyumbani kwao kilisemwa Kimwera, na Kiswahili alikikuta darasani. Mwaka alipopata kipaimara, askofu alimnyooshea kidole amjibu swali la katekisimu mbele ya kanisa zima. Koleta alisimama akajibu lote, bila kukosea, kwa Kimwera. Katekista aliona aibu. Askofu akaomba atafsiriwe, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu ameelewa. Wengine mmekariri." Marehemu alipenda kutusimulia kisa hicho, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba siku ile kwa hofu hakusikia hata askofu alichosema, aliambiwa baadaye na mama yake.

Mwaka 1973 alijiunga na mafunzo ya uuguzi na ukunga Ndanda, akahitimu mwaka 1976. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika zahanati ya Likunja, wilayani Ruangwa, na mwaka 1989 akahamishiwa Mandawa, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2016. Walio wengi hapa, wale wenye umri wa chini ya miaka arobaini, mkono wa kwanza kuwagusa duniani ulikuwa wake. Alizalisha Wakristo na Waislamu, wake za wakubwa na wanawake waliofika bila hata kanga ya kumfunikia mtoto. Katika nyumba za Waislamu alikuwa na desturi yake: akishamfuta mtoto na kumfunga kitovu, alimwita baba, akamkabidhi mtoto mikononi, akatoka nje kumpisha amuadhinie mwanawe sikioni. Akirudi ndani ndipo alipoomba chai.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Nicholaus Saturnini, ambaye yuko hapa mbele yenu. Wageni wakiwa wameketi na ubwabwa umeshapakuliwa, alikuja mtu na baiskeli kutoka bondeni akisema mkewe ameshikwa na uchungu na mtoto ametanguliza miguu. Bibi harusi aliondoka na gauni lake jeupe, amekaa nyuma ya baiskeli. Bwana harusi alibaki meza kuu peke yake, akala ubwabwa, akajibu salamu za wageni, akacheza muziki na shangazi zake. Koleta alirudi jua likielekea kuzama, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni, akamwambia mumewe, "Mwalimu, wamepata wa kiume." Mungu aliwajalia watoto wawili, Edwin na Teodosia.

Wapo waliotushauri kwamba wasifu huu uishie hapo, uruke moja kwa moja hadi ugonjwa na kifo. Walisema kwa nia njema. Baba yetu, Mwalimu Nicholaus, amesema usomwe wote.

Alipostaafu, marehemu alijenga na mumewe nyumba ndogo kando ya barabara ya kuelekea kitongoji cha Nakalola. Alilima ufuta na kutunza mikorosho yao. Aliongoza akina mama wa kigango, kanisa dogo la kijiji, na alikuwa ameanza kuugua kisukari, ugonjwa alioujua vizuri na kuuheshimu. Alikunywa dawa zake kwa wakati na kuwagombeza wenzake wasiokunywa za kwao.

Ilikuwa miaka ambayo mtu akiuliza swali kwenye mkutano wa kijiji, jirani zake walianza kumkalia mbali. Magari yasiyo na namba yalikuja mchana kweupe yakachukua vijana. Baadhi walirudi na hawakutaka kusimulia chochote. Mmoja, wa kijiji cha pili, hajarudi hadi leo. Kisha likaja tangazo kwamba watu wa Nakalola wahame, ardhi yao imepata mwekezaji. Katika mkutano alisimama kijana mmoja, Mustafa Mikidadi, mkulima wa korosho, mtoto wa Mzee Mikidadi. Hakutukana mtu. Aliuliza tu ni nani aliyekubali kwa niaba yao, na lini. Mkutano ulifungwa.

Tarehe 9 Februari 2021, siku ya Jumanne, mke wa Mustafa, Saada, alishikwa na uchungu wa mtoto wao wa kwanza. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda zahanati. Mustafa alimpakia kwenye pikipiki ya jirani, wakafika korongoni, maji yakawashinda. Wakageuka, wakabisha hodi kwa Mama Koleta. Ilikuwa asubuhi. Uchungu ulikuwa mrefu. Chumba kilikuwa kimoja, na kwa kuwa hakukuwa na msaidizi, marehemu alimwambia Mustafa aache aibu akae nyuma ya mkewe amshike mgongo. Alikaa hapo kutwa nzima. Alasiri, kupitia dirishani, marehemu aliona moshi mweusi upande wa Nakalola. Mustafa naye aliuona.

"Bibi, nini kinaungua kule?" aliuliza.

"Mtazame mkeo," marehemu alimjibu. "Kinachoungua kitaungua."

Mtoto wa kiume alizaliwa muda mfupi kabla ya magharibi. Kilichokuwa kikiungua ni ofisi ya kijiji.

Siku iliyofuata walikamatwa vijana watatu, Mustafa akiwa mmoja wao. Ilisemwa kwamba yeye ndiye aliyewasha moto, na kwamba wapo waliomwona. Saada alikuwa bado amelala nyumbani kwa Mama Koleta, na mtoto hajapewa jina.

Haikuchukua muda, maofisa wawili walifika nyumbani kwa marehemu. Walikuwa na adabu. Walivua viatu mlangoni, wakakubali chai. Mkubwa wao alimwambia kwamba wanajua yeye ni mtumishi mstaafu na mtu wa kanisa, na kwamba hawana haja ya kumsumbua.

"Mama, umri umekwenda," alisema. "Siku ya kuzalisha mtu huwezi kuangalia saa. Sisi tunaomba useme tu kwamba kijana alitoka kidogo, akarudi jioni."

"Hakutoka."

"Ulikuwa na mzazi. Huwezi kujua nani ametoka na nani ameingia."

"Chumba ni kimoja, mwanangu. Alikuwa ameshika mgongo wa mkewe. Mimi nilikuwa mbele yao."

Yule ofisa aliweka kikombe chini. "Huyu kijana si ndugu yako. Hata dini si moja. Unajibebesha mzigo wa nini?"

"Uongo huo ungetoka kwa mdomo wangu," marehemu alijibu, "si kwa mdomo wake."

Ndipo wa pili akauliza kama Mwalimu Edwin bado anafundisha pale Ruangwa mjini, na kama ni mwajiriwa wa serikali. Marehemu alisema ndiyo. Wakaaga. Walipotoka, alishindwa kunyanyua vikombe. Teodosia aliyekuwa jikoni ndiye aliyevitoa.

Tusimpambe mama yetu kwa sifa ambazo mwenyewe angezikataa. Aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya mumewe, kwa ajili ya Edwin, na kwa ajili ya mwili wake uliokuwa na ugonjwa. Wiki zote zile alisali rozari kila alfajiri, na alimweleza Teodosia wazi kwamba haombi ujasiri. Anaomba kesi ifutwe ili asiitwe.

Baba naye alimsihi anyamaze. Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kigango na aliyasikia yaliyosemwa mjini. Mazungumzo yao ya jioni moja, wakiwa uani wanapukuchua mahindi, familia inayakumbuka.

"Mama Edwin, wewe hujamkamata mtu. Hukuchoma kitu. Ukisema hukumbuki, nani atakulaumu?"

"Mwalimu, nakumbuka."

"Najua unakumbuka. Nasema ukisema."

Marehemu aliendelea kupukuchua. Baadaye akasema, "Yule mtoto nimempokea kwa mikono hii. Nikiapa kwamba baba yake hakuwepo, siku akikua akinisalimia nitamwitikiaje?"

Hawakuongea tena hadi wakalala, na kesho yake, na keshokutwa yake.

Mwezi Mei mwaka huo marehemu alichukuliwa sokoni mbele ya watu, akiwa amenunua dagaa. Aliambiwa anachochea wananchi wagomee kuhama. Aliwekwa mahabusu tangu Jumamosi hadi Jumatano bila dawa zake za kisukari, akilala juu ya saruji. Siku ya kwanza, alipokuwa akiingizwa, alisukumwa, akajikata unyayo kwenye kizingiti cha chuma. Ndani aliwakuta wanawake wengine, akawaongoza kusali, akihesabu mafumbo ya rozari kwa vidole. Aliyekuwa Mwislamu kati yao, Biasha, aliomba kwa namna yake pembeni, kisha akaja kumfunga lile jeraha kwa kipande cha kanga yake. Kulikuwa pia na askari mmoja wa kike aliyemletea uji alfajiri. Marehemu alipotaka kumshukuru, yule binti alisema, "Usinishukuru, Mama. Watasikia." Marehemu hakulijua jina lake, lakini alimwombea hadi mwisho.

Aliachiwa bila kushtakiwa. Mwezi huo huo Edwin alipata barua ya uhamisho, aende mkoa wa mbali magharibi, mara moja. Alikuja kuaga. Alisimama uani na begi lake, akasema, "Mama, umewachagua watu wa Nakalola, ukatuacha sisi." Akaondoka. Kwa zaidi ya mwaka hakupiga simu.

Kanisani mambo hayakuwa rahisi. Ibada za Jumapili, benchi alilokalia lilibaki na nafasi pande zote. Akina mama aliowaongoza walichagua kiongozi mwingine pasipo kumwarifu. Alifika kwenye mkutano akakuta mwenzake amekalia kiti. Alikaa nyuma, akasikiliza, akachangia sukari ya wagonjwa kama kawaida. Padre Modest, paroko, alimshauri kwanza awe na busara. Baadaye alianza kuja nyumbani siku za katikati ya juma, akakaa, akanywa maji, akaondoka. Marehemu alisema ujio ule ulimsaidia kuliko maneno.

Kesi ilisikilizwa mwezi Oktoba. Asubuhi alipotakiwa kwenda kutoa ushahidi, marehemu aliamka akamkuta Baba ameshapiga pasi shati lake jeupe na suruali. Alimwuliza anakwenda wapi.

"Tunakwenda wote," Baba alisema. "Sitaki nikasikie habari zako kwa watu."

Kizimbani aliapa kwa Biblia. Mguu wake ulikuwa umevimba, akaomba asimame hivyo hivyo, maana akikaa kunyanyuka ni kazi. Alieleza siku ile tangu hodi ya asubuhi. Wakili wa upande wa mashtaka alimwuliza maswali mengi.

"Wewe ni mtu wa siasa?"

"Mimi ni mkunga."

"Familia ya mshtakiwa imekupa nini ili uje hapa?"

"Mzee Mikidadi aliniletea kuku. Tulimla."

Watu walicheka. Hakimu akawanyamazisha.

"Unawezaje kuwa na uhakika kwamba ulipouona moshi mshtakiwa alikuwa ndani?"

"Aliniuliza nini kinaungua. Nikamwambia amtazame mkewe. Mtoto alipozaliwa nilimkabidhi mikononi. Kwa kawaida huwa natoka, lakini siku ile sikuweza kumwacha Saada, alikuwa anatoka damu. Nikabaki. Amemuadhinia mwanawe nikisikia, na sauti ilikuwa inamkatika. Sauti ile naijua. Hata leo nikifumba macho naisikia."

Waliokuwepo wanasema Mustafa, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, ndipo alipolia.

Hukumu ilitolewa Januari 2022. Hakimu alisema shahidi ni mtu mwenye heshima lakini umri wake umekwenda, na inaelekea amechanganya saa. Mustafa na wenzake wawili walifungwa miaka kumi na miwili. Nakalola ilihamishwa kabla ya mavuno. Mikorosho ilikatwa. Mzee Mikidadi alifariki mwaka huo huo, akiwa amepewa hifadhi ya chumba nyumbani kwa mtoto wa dada yake.

Baada ya hukumu ile marehemu aliacha kwenda kanisani. Tunasema hivyo kwa sababu mwenyewe hakuficha. Alitundika rozari yake kwenye msumari wa ukutani, akawa anaipita. Teodosia alipomwuliza, alisema, "Watu wamenyamaza na Mungu amenyamaza. Na mimi niacheni ninyamaze." Hakula vizuri. Aliamini kwamba kama angesema vizuri zaidi, kama asingetaja kuku, watu wasingecheka na hakimu angemwamini. Baba alijaribu kumtoa kwenye mawazo hayo, akashindwa.

Aliyemtoa ni Saada. Alikuja siku moja na mtoto mgongoni, akitokea alikohamia, mwendo mrefu kwa miguu. Hakuja na neno la faraja. Alimwambia, "Bibi, tangu alipokamatwa kila mtu ameniambia pole. Ni wewe peke yako uliyesema hakufanya. Huyu mtoto akiniuliza, nina mtu wa kumtaja." Akamshusha mtoto, akaomba maji ya kumwogesha. Marehemu alimwogesha mwenyewe. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake, na Baba alihama upande wa wanaume akaja kukaa naye.

Jeraha la unyayo halikupona. Mnamo Machi 2023 ilibidi akatwe mguu chini ya goti. Edwin, ambaye alikuwa amepata habari kwa dada yake, alisafiri siku tatu kwa mabasi kumfikia hospitalini. Alikaa naye wodini, akimgeuza, akimlisha, akimfua nguo. Kuhusu yale waliyoachana nayo uani, hawakuzungumza. Siku alipoondoka, marehemu alimshika mkono muda mrefu, kisha akamwambia awahi basi.

Kuanzia mapema mwaka huu figo zake zilianza kushindwa. Aliomba arudishwe Mnero, alikozaliwa, akalazwe huko karibu na makaburi ya wazazi wake. Padre Modest alimpa mpako mtakatifu mara mbili. Siku za mwisho alikuwa akizungumza Kimwera tu, na wauguzi vijana walimhitaji Teodosia atafsiri. Mara nyingi alikuwa akiuliza kama mvua imeacha na kama barabara inapitika. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alasiri, mumewe na watoto wake wote wawili wakiwa pembeni ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mume, Mwalimu Nicholaus Saturnini, watoto wawili, Edwin na Teodosia, wajukuu watano, na wadogo zake watatu walioko Mnero na Masasi. Marehemu aliagiza kwamba katika orodha ya wajukuu asomwe pia Ramadhan Mustafa, aliyezaliwa nyumbani kwake, mwenye umri wa miaka minne. Mama yake amekubali, na baba yake amekubali kwa salamu alizotuma. Ramadhan yuko hapa na mama yake.

Mustafa hayupo. Yuko gerezani, na rufaa yake imepangwa kusikilizwa mwezi ujao. Shahidi wake hataitwa tena, maana alikwisha kusema.

Mungu ampe Mama Koleta kwake ile amani ambayo hapa alinyimwa. Amina.